Ndevu za Wino

Tulimwacha wapi yule bwana? Barabarani Keumbu, Jumatatu ya Pasaka asubuhi, pua imebanwa kwenye kioo cha studio ya Ombati, akitazama picha ya mtu mnene aliyetoa ulimi nje akisukuma gari.

Mtu mnene mwenyewe alikuwa yeye.

"Yaya!" alisema Mzee Machogu. "Yaya, yaya, yaya."

Kukataa kwake hakukumtoa pichani. Lile lilikuwa gari namba 27, Peugeot ya shemeji yake Manasseh Okemwa, mwenye duka la tairi Kisii mjini, nalo lilikuwa limezama topeni hadi mlangoni. Nyuma yake wanaume sita walikuwa wameegemeza mabega. Wa mbele kabisa alikuwa amelalia gogo la mkaratusi lililotiwa chini ya gurudumu, koti limepakwa matope mpaka kwenye kola, na usoni ana furaha ambayo waumini wa Keumbu hawajaiona kanisani hata siku moja.

Na mbio za magari za Pasaka zilipita hapa siku gani? Jumamosi. Sabato, msomaji wangu, mchana kweupe.

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sukari kabla hujalisoma, nitakuhurumia mara hii tu. Huyu Machogu ni mzee wa kanisa. Sabato hiyo asubuhi alihubiri juu ya magari ya mashindano mpaka watoto wakaanza kulia. Alisema mtu anayeyatazama siku ya Bwana ameshaanza kukimbia nayo kuelekea motoni. Baada ya chakula akamwambia mkewe Bosibori kwamba anakwenda Nyaramba kumwombea mgonjwa. Mgonjwa gani, hakusema, na saa tisa alikuwa amejificha nyuma ya migomba kwenye kona iliyo chini ya kanisa.

Alikwenda, alijiambia, kumwona shemeji yake akiaibika. Lakini Manasseh aliporuka kigongo cha barabara na kuzama topeni, miguu ya Mzee ilitangulia bila kumwuliza.

Jumapili ikafika. Bila kujua kwamba yumo kwenye picha, akamshtaki Ombati Josiah, mpiga picha, kwamba alionekana barabarani na kamera siku ya Sabato. Alionekana na nani? Hakuna aliyeuliza. Na kisa chenyewe hakikuwa Sabato hata kidogo. Ombati alikuwa ametuma wazee kumposa Mokeira, binti wa Machogu aliyesomea ualimu, na Machogu alikuwa na mkwe mwingine moyoni, mwenye chai ya kujaza lori. Kwa kuwa alishatangaza kwamba binti yake haolewi nje ya kanisa, aliona dawa ni rahisi. Ombati akifutwa kanisani, posa itakufa yenyewe.

Shauri lingesikilizwa leo saa nane. Mchungaji Mogire anakuja kutoka mjini, na shauri likiisha atamtangaza Machogu kuwa mzee mkuu wa makanisa yote ya upande huu. Cheo kilikuwa kimeiva, kimebaki kuchumwa tu. Ushahidi uliotakiwa ni picha za Ombati, na Mzee alikuwa amekuja kuzichukua kwa mkono wake.

Akasukuma mlango.

"Karibu, Mzee," alisema Ombati. "Picha ya uso au mwili mzima? Kaa pale, tazama huku, usipumue."

"Toa hiyo picha dirishani."

"Ipi, Mzee? Hii ya gari liko angani?" Ombati aliigusa kwa fahari. Peugeot ilikuwa imeruka juu ya kigongo cha barabara, magurudumu yote manne hayagusi chochote, na chini yake ukaonekana mlima wa upande wa pili. "Nilikuwa nimelala mtaroni. Lilipita juu ya kichwa changu, nikala tope. Manasseh angeteleza kidogo tu, leo mngekuwa mnakunywa chai kwa mama yangu mkinilia."

"Si hiyo. Ile nyingine. Ile yenye watu."

"Aa," alisema Ombati. "Ile ya Mzee."

Machogu alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akashusha sauti. "Nifute."

"Nikufute?"

"Si una brashi? Unatoa watu chunusi. Bwana harusi wa Magwagwa alifumba macho, ukamfungua. Basi nifute na mimi."

"Mzee, nikikufuta, gogo litabaki linajisukuma lenyewe. Watu watasema kuna uchawi Keumbu, na wewe ndiye utaitwa kuuombea."

Mzee alitoa leso akajipangusa shingo. Ombati akamwacha ajipanguse mpaka atosheke.

"Nitakuwekea ndevu," alisema mwishowe. "Lakini nina maneno mawili. Uondoe yale mashtaka. Na wazee wangu wakirudi kwako, wapewe viti. Mara ya kwanza uliwahubiria wakiwa wamesimama kwenye mvua."

"Nimekubali," alisema Machogu, upesi kama mtu anayekubali chai.

Ombati akachukua brashi nyembamba na kichupa cha wino mweusi. Kidogo kidogo kidevu cha Mzee kikaota ndevu nzito mpaka kifuani, ulimi ukapotea ndani yake, na mashavu yakafunikwa. Mzee aliinama akajitazama, akajiona ni mtu mwingine kabisa, tena mtu wa kuogopwa. Ombati hata hivyo aliendelea kuinamia picha ileile.

"Na huyu wa ndani ya gari, Mzee? Msoma ramani. Yeye nimtie ndevu?"

Machogu alitupa jicho tu. Aliona helmeti, miwani ya vumbi, kitambaa shingoni na mdomo unaocheka. Akamkumbuka. Kijana asiye na adabu, aliyekuwa akipiga mlango kwa kiganja na kupaza sauti kupitia kitambaa: "Sukuma, Mzee! Sukuma!" Naye, ambaye hajaamrishwa na mtu tangu abatizwe, akasukuma.

"Huyo hanihusu. Mwache alivyo."

"Haya," alisema Ombati polepole. "Hata mimi ningependa abaki alivyo."

Mzee alitokea mlango wa nyuma, picha iko ndani ya koti. Unadhani alikuwa anakwenda kuondoa mashtaka? Pole sana. Alipofika kwenye migomba alisimama akacheka peke yake. Sasa picha haikuwa na Machogu ndani yake, ilikuwa na mpagani mmoja mwenye ndevu. Lakini kazi ya Ombati ya siku ya Sabato ilikuwa bado imo, wazi, imekaushwa na kukatwa pembe vizuri.

Saa nane mvua ilikuwa inanyesha. Kanisa letu liko juu ya mteremko, na barabara inapita chini yake: kwanza kigongo, halafu tope, halafu kona. Magari yale yalikuwa yamezunguka nchi na leo yanapita tena, kutoka upande uleule, yakikimbilia mwisho. Baraza zima lilijua, na baraza zima lilikuwa limekaa likiyapa madirisha mgongo kwa nguvu.

Walikuwepo Mchungaji Mogire, Mzee Machogu, mashemasi wawili, Angwenyi na Nyangate, na kwa upande wa akina mama, Bosibori, mke wa Mzee. Ombati alikaa benchi la nyuma, kamera mapajani.

"Tuombe," alisema Mchungaji.

Hawajafika mwisho, gari la kwanza likanguruma kwenye kigongo, kukawa kimya kidogo, halafu likatua kwa kishindo.

"Volkswagen," alisema Angwenyi, macho yamefumbwa.

"Amina," wakajibu wote.

Machogu akasimama kueleza shauri. Alieleza vizuri, maana hasira aliijua. Shida ni kwamba kila alipofika kwenye neno zito gari lilipita, na neno likampotea. "Ndugu zangu, kijana huyu aliichukua siku takatifu, akaifanya..." Ngurumo. Akameza mate. "Akaifanya..."

"Hiyo ni Datsun," alisema Mchungaji. Watu wakamgeukia. Akakohoa. "Kaka yangu alikuwa na gereji. Endelea, Mzee."

Lakini Datsun ile haikutua kama zilizotangulia. Kulisikika mlio mkavu, kama kabati limeangushwa toka juu, na injini ikalia vibaya kabla ya kukaa sawa na kuondoka.

"Imepiga kitu," alisema Mchungaji.

 Machogu alijua imepiga nini. Lile gogo. Jumamosi, Manasseh alipochomoka topeni, kengele ya ibada ya jioni ililia palepale, na wasukumaji wote sita wakatawanyika kwenye mashamba kama kuku. Gogo likabaki barabarani, tope likalifunika. Lori na baiskeli hupita pembeni polepole. Gari linalotoka angani halina pembeni.

Angeweza kusema. Neno moja tu, watu washuke walitoe. Lakini mtu anayejua gogo lilipo ataulizwa amejuaje. Barabara ni ya serikali, alijiambia, na magari yana wenyewe. Akaingiza mkono ndani ya koti.

"Ushahidi huu hapa!" alisema. "Tazameni kazi ya Sabato!"

Ombati aliinua kichwa. "Mzee, ndivyo tulivyosema asubuhi?"

"Asubuhi gani? Mimi nimekutana wapi na wewe?"

Mchungaji alipokea picha. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hawa watu," aliuliza, "ni wa dhehebu gani?"

"Kwa nini, Mchungaji?"

"Wote sita wana ndevu."

Machogu akaruka kutazama. Kweli, wote sita. Ndevu zilezile, nzito vilevile, za wino uleule, zimeishia kifuani kana kwamba zilikatwa na kinyozi mmoja. Aligeuka. Shemasi Angwenyi alikuwa anachunguza dari. Shemasi Nyangate alikuwa anasoma Biblia, ameishika juu chini. Ndipo Mzee, ambaye studio alijitazama mwenyewe tu, alipoelewa kwamba asubuhi ile hakuwa wa kwanza kupita mlango wa nyuma.

"Ni wapagani!" alipaza sauti. "Wametoka mbali! Sisi hatuwajui!"

"Hatuwajui kabisa," alisema Nyangate.

"Kabisa," alisema Angwenyi.

"Mchungaji, naomba na mimi nione," alisema Bosibori.

Bosibori ni mwanamke mdogo wa umbo, hapazi sauti, na kwa hiyo watu hunyamaza anaposema. Alikwenda na picha dirishani penye mwanga. Akakaa nayo.

"Huyu mpagani mnene wa mbele," alisema, "amekipata wapi kifungo changu?"

"Kifungo gani, dada?"

"Koti la mume wangu lilipoteza kifungo cha katikati. Nikatoa kimoja kwenye koti langu la baridi, kikubwa, cha kike, nikakishona. Keumbu nzima hakuna koti la mwanamume lenye kifungo kama hicho. Simama wima, Baba Mokeira. Shusha mkono."

Koti lilikuwa lilelile. Alikuwa amelivaa kwa ajili ya kutangazwa. Kifungo kikawakodolea macho.

Gari jingine likapita. Safari hii hakuna aliyelitaja jina.

"Kumbe mgonjwa wa Nyaramba alikuwa mzito hivi," alisema Bosibori. "Ndiyo maana ulirudi na matope mpaka kwenye kola. Nami nikakufulia nikikuonea huruma."

Mchungaji aliinamisha uso, mabega yakamtikisika. Machogu alikiona cheo chake kikitoka mlangoni, kikishuka mteremko na kwenda zake. Iliuma. Tusimnyime haki yake, iliuma kweli. Alikuwa amekingoja kwa miaka, ameamka mapema kukifagilia, na sasa kimechukuliwa na kifungo.

"Shetani alinisukuma," alisema.

"Shetani hakusukuma kitu. Aliyesukuma ni wewe."

"Ni ndugu yako!" alilipuka. "Ni Manasseh! Gari ni lake! Ulitaka nimwache afie topeni? Mimi nilimsaidia ndugu yako, na wewe unanivua nguo mbele ya Mchungaji!"

"Kumsaidia ulifanya vizuri," alisema Bosibori. "Hapo ndipo nilipokupenda tena kidogo. Na aliyekaa kando yake, ulimwona?"

"Kijana mmoja hivi. Hana adabu."

"Vaa miwani. Tazama tena."

Akavaa. Helmeti. Miwani ya vumbi. Kitambaa. Halafu ule mdomo unaocheka, meno yote nje, na katikati ya meno ya juu kuna mwanya.

Kuna mtu Keumbu asiyeujua mwanya ule? Mzee mwenyewe alikuwa akiutangaza kila harusi. Ule ni wa mama yangu, alikuwa akisema, umemruka baba ukamwangukia mtoto. Ombati alipaka wino nyuso sita, na mwanya ule hakuugusa.

"Mokeira yuko Magwagwa," alisema Machogu. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Kwa shangazi yake."

"Shangazi yake hajamwona. Msoma ramani wa Manasseh alishikwa na malaria. Manasseh akaja kwangu amekata tamaa, na Mokeira ramani anaisoma kuliko wanaume. Akaniuliza, nikamkubalia. Helmeti nilimfunga mimi kwa mkono wangu. Kama kuna wa kufutwa kanisani, anzeni na mimi."

"Siku ile alinijua?" aliuliza Mzee.

"Sasa anacheka nini?"

Mzee aliishika picha kwa mikono miwili. Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira mahali anapoiweka siku zote, akaikosa. Alichokiona ni mtoto wake ndani ya debe la bati, na yeye nyuma yake akisukuma kwa roho yote, bila kujua anamsukumia wapi.

Chini barabarani watu wakaanza kupiga kelele. "Okemwa! Okemwa anakuja! Namba ishirini na saba!"

Kwenye mteremko wa ng'ambo injini ya Peugeot ililia, ikapandisha, ikalia tena. Machogu aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia akiwa ameilalia.

"Gogo," alisema.

"Gogo gani?" aliuliza Mchungaji.

Angwenyi alirudi kuchunguza dari. Nyangate ndiye aliyejibu. "Hatujui gogo lolote, Mchungaji."

"Nyangate!" Mzee alimgeukia. "Upande mmoja uliushika wewe na wa pili niliushika mimi! Liko chini ya tope, pale wanapotua! Nilikata mimi, nikaweka mimi, na nimesikia likipigwa nikanyamaza! Nyasae, Mungu wangu, nimenyamaza!"

Naye akatoka mbio.

Mzee Machogu hajakimbia tangu enzi za mkoloni. Alishuka ule mteremko kupitia mashamba ya chai, kofia kichwani, koti linapepea, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Watu waliopanga foleni ukingoni walimwona wakafurahi sana.

"Kimbia tu, Mzee!" walimpigia makofi. "Leo si Sabato!"

Nyuma yake alikuja Ombati, kamera inampiga kifuani. Nyuma ya Ombati walikuja mashemasi, si kusaidia, kuona. Bosibori alibaki mlangoni pamoja na Mchungaji, mikono ameiweka kichwani.

Machogu alipiga magoti katikati ya barabara akaingiza mikono kwenye tope mpaka kiwiko. Akapapasa. Hakuna. Akasogea. Kidole kikagonga mti.

"Ombati! Acha hiyo mashine, shika hapa!"

Ombati akashika. Wakavuta. Upande mmoja ulitoka na mlio wa kunyonya, wa pili ukakataa. Tope la Keumbu mnalijua, likishika kitu limeshika. Wakavuta tena, mikono ikateleza, wote wawili wakaketi.

"Ondokeni hapo!" walipiga kelele watu wa ukingoni. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. "Ameshaingia kwenye kigongo!"

"Nenda wewe," alisema Mzee, akihema. "Panda pale juu, umpungie asimame."

"Mzee, tutoke! Tutoke wote!"

"Na gogo nimwachie nani? Nenda! Mimi Mokeira hatanitazama, mimi ni wa kusukuma tu. Wewe atakuona. Siku zote anakutazama wewe, unadhani mimi ni kipofu? Nenda, mwanangu!"

Ombati aliganda. Aliitwa mwanangu, na mtu aliyekuwa anamfuta kanisani nusu saa iliyopita. Halafu akageuka na kukwea ule ukingo kwa kucha, mikono hewani, akipiga yowe: "Mokeira! Simama! Mokeira!"

Nyuma yake, Mzee alikuwa amejilaza juu ya gogo kama ile Jumamosi, bega chini, ulimi nje. Hakukuwa na wa kumwambia sukuma. Akasukuma.

Peugeot ilitokea ikiwa imewasha taa zote, matope yanaruka ubavuni. Kama Manasseh aliona mikono ya Ombati, aliiona akiwa ameshaondoka ardhini. Ombati anaapa kwamba hakukusudia kupiga picha. Anasema vidole ndivyo vilivyozoea, vilikwenda vyenyewe. Mimi namsadiki, maana nimemwona akilia juu ya picha yenyewe.

Picha hiyo ipo. Haina ndevu, haina wino, haikuguswa na brashi. Magurudumu manne yako hewani. Chini yake kuna kofia nyeusi ya mzee wa kanisa, imesimama peke yake kwenye tope. Gogo halionekani. Mzee naye haonekani, na kama alitoka njiani kwa wakati, picha haisemi.

Na juu, nyuma ya kioo, mdomo wa Mokeira uko wazi na mwanya unaonekana vizuri, lakini safari hii hacheki.